Kawaida

Wamekuja kumi na tisa, jezi bado zimelowa jasho la Tandika,
na kocha Mwinshehe kaziba mlango na orodha yake:
"Dokta, andika tu fiti. Jumamosi tuna mechi."

Stika hazishiki. Nafuta jasho kwa shashi,
nanyoa kifua kidogo, upana wa kiganja,
nabandika nyaya kumi, nasema usicheke, usiongee,
jifanye umelala kwenu, saa nane usiku, umeme umekatika.
Karatasi inatoka, ya waridi, miraba kama daftari la hesabu,
milimita ishirini na tano kila sekunde.

Mashine inajua kusoma, au inadhani.
Kwa vijana kumi na wanne imechapa: SI KAWAIDA.
Mapigo arobaini na manne, si kawaida.
Vilele virefu vinavyogonga mstari wa juu, si kawaida.
Naiambia, taratibu mama,
huyu hukimbia Mbagala hadi Kongowe kabla ya chai,
moyo wake umejifunza kazi isiyo na papara,
kama fundi cherehani aliyeizoea pedeli.

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria.
Hawakusema kawaida ya nani.
Waliokifundisha chuma hiki walipima vifua vya kwingine,
hawakukiambia kwamba kwa wanamichezo weusi kama hawa
lile wimbi dogo la mwisho huweza kuinama,
waya wa kwanza wa kifua hadi wa nne,
likitanguliwa na mwinuko wa mviringo kama kuba,
na mtu akawa buheri wa afya, akacheza hadi akachoka mwenyewe.

Basi nakata kwa kalamu. Kawaida. Kawaida. Kawaida.
Mkono unazoea. Hapo ndipo pa kuogopa.

Wa kumi na saba ni Kibwana Mloka, beki wa kushoto.
Waya wa nne, wimbi limeinama. Sawa.
Wa tano, limeinama.
Wa sita.
Naweka rula. Naondoa rula.
Nabandika stika upya, labda nimekosea ubavu.
Sijakosea.

"Kwenu kuna aliyewahi kuanguka ghafla?"
"Mjomba Pazi. Kwenye mdundiko, Chanika. Alikuwa anacheza tu.
Wakasema katupiwa kitu."
"Alikuwa na miaka mingapi?"
Anahesabu kwa vidole. "Ishirini na sita.
Ila mimi, dokta, hata kichwa hakijawahi kuniuma."

Najua, mwanangu. Hata mjomba wako hakikumuuma.

Kocha anakohoa. Naandika:
asicheze mpaka apigwe picha ya moyo.
Naandika kwa herufi kubwa,
maana mwandiko wa madaktari una visingizio vingi.
Kibwana anatazama njumu zake. "Kwa hiyo mimi mgonjwa?"
Sijui. Mstari haujasema ndiyo.
Umesema ngoja, na ngoja ni neno gumu
kwa mtu wa miaka kumi na tisa mwenye namba tatu mgongoni.

Wakishaondoka nafungua droo ya chini.
Karatasi hizi hupauka, joto la Dar huzilamba.
Ipo moja ya mwaka wangu wa kwanza kazini,
ya kipa wa Keko. Imebaki nyeupe,
hakuna kilele, hakuna bonde,
ila neno moja pembeni, mwandiko wangu.

Wino haupauki.