Swali la Kumi na Nne

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga.
Mimi nalipwa kumpandia.
Ghorofa nne, ngazi za mbao zilizolika katikati
kama kipande cha sabuni. Mji wa Łódź, Januari,
mkononi dodoso la kurasa tisa,
shingoni kitambulisho cha kituo chetu:
watafiti saba, printa moja, ofisi juu ya duka la vitambaa,
na ufadhili unaokwisha Juni.

Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo.
"Unauza nini?"
Siuzi, bibi. Nauliza.
"Basi wewe ni mbaya zaidi," akasema, akafungua.

Genowefa Pietrusińska, miaka themanini na moja,
mfumaji wa kiwanda ambacho siku hizi ni maduka.
Koti ndani ya nyumba. Koti juu ya koti.
Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri:
vyumba viwili, choo uani, makaa ya mawe
hununuliwa kwa ndoo,
maana tani yamtaka mwenye mfuko wa tani.
Kisha la kumi na nne:
Je, chumba unacholala kina joto la kutosha?
Ndiyo. Hapana. Sijui.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
maji yana urefu gani.
"La kumtosha nani?"

Sikuwa na kisanduku cha hilo.
Nikaliandika pembeni kwa penseli. Kipimajoto
nilichokiweka juu ya kabati kilisoma nyuzi kumi na moja,
kisha paka akakiangusha.

Kufika Aprili tulikuwa na kaya mia sita arobaini na mbili.
Bibi akawa namba 0387.
Naijua dhambi ya kazi hii: unamchukua mtu
unamkamua mpaka abaki desimali.
Lakini chozi la mmoja diwani hulifuta kwa leso.
Asilimia thelathini na nne
haijashonwa leso ya kuifuta.

Mei, mfadhili akaomba neno "baridi" liondoke.
Lina hisia mno, alisema.
Andikeni "upungufu wa joto stahiki."
Mkurugenzi wetu Dobrosława, mtu asiyepandisha sauti,
akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko vumbi lake,
akasema: jaladani weka lako.
Ukurasa wa arobaini, baridi itabaki baridi.
Usiku ule nililala nina hasira naye.
Bado ninayo kidogo.

Kamati ya makazi ilikaa Jumanne. Kurasa mia na kumi na mbili;
diwani Gwizdała alisoma mbili, moja yake jalada.
Akauliza gharama. Tulikuwa nayo:
huku bei ya mabomba, huku vitanda vya wodi ya mapafu,
safu kando ya safu, na ya pili ndiyo ndefu.
Hapo akasogeza kiti.
Haikuwa huruma iliyomsogeza, ilikuwa jumla.
Na iwe jumla.

Mwaka na nusu baadaye kifungu kikapita,
kimekatwa mkia, kimetobolewa kama jibini:
nyumba za manispaa zilizo chini ya nyuzi kumi na sita
ziunganishwe na bomba la joto kabla ya baridi mbili kupita.
Tuliomba kumi na nane.
Nyuzi mbili zilipotelea katika kikao
ambacho hatukualikwa.

Novemba nikapanda tena, ngazi zilezile,
bomba jeupe likinifuata ukutani hadi juu.
Akafungua bila mnyororo. Koti moja.
Swali la kumi na nne tumelibadilisha sasa:
Kwako wewe, joto la kutosha ni lipi?
Chini yake mistari mitatu mitupu.

Genowefa akafikiri, paka mapajani.
"Ni lile," akasema, "ambalo mtu akibisha hodi
huanzi kuhesabu mlango utatoa kiasi gani."

Nimeliandika neno kwa neno.
Kesho ofisini wataniuliza
nimelipa msimbo gani.