Inveta Imekataa

"Inakatala, fundi," aliniambia Tulinabo mlinzi
kabla sijavua kofia ya pikipiki.
Si kwamba imekufa. Inakataa.
Nikalipenda neno lile, kana kwamba ukutani
wametundika mtu mwenye msimamo.

Siku ya nne hiyo Ndosho haijaona jua.
Mlima ulipumua usiku, majivu yakalala juu ya paneli,
mvua ikayafanya tope,
na betri zimeshuka hadi asilimia kumi na tisa.
Ndani ya friji, chanjo za surua.
Muuguzi Kahindo hafungui mlango wake;
anaupapasa tu, kama paji la uso la mtoto.

Mafundi watatu wamenitangulia.
Wa kwanza alisema jenereta imechoka.
Wa pili alisema nunueni inveta mpya, ana shemeji anaziuza.
Wa tatu alichukua nauli akatafute fyuzi.
Hiyo ilikuwa Jumanne.

Tulinabo akavuta kamba. Mtambo ukakohoa, ukashika.
Ta! Inveta imepokea, taa ya kijani.
Dakika ya tisa: ta. Imetema.
Ta, ikapokea. Ta, ikatema,
mtoto na uji wa moto.

Nikapima volti: mia mbili na thelathini, safi kabisa.
Hapo ndipo wengi hufunga mkoba.
Nikaufuata waya wa ardhi hadi nje:
fimbo ya shaba imesimama nusu hewani,
maana chini ni lava, na lava haibembelezwi kwa nyundo.
Walichimba pembeni wakajaza makaa na chumvi.
Nikamwaga ndoo mbili za maji, nikapima tena.
Si hapo.

Nikageuza mita upande wa hezi.
Hamsini na moja. Arobaini na tisa.
Arobaini na sita. Hamsini na nne!
Nguvu inayo; mwendo haina.
Na inveta haiulizi tu una nguvu kiasi gani,
inauliza: unatembeaje?
Nikikushika mkono, tutakanyaga pamoja?

Nikafungua ubavu wa mtambo, penye gavana
(huyu wa chuma, hana msafara),
na pale palipotakiwa springi
nikakuta utepe wa mpira
uliokatwa kwenye gurudumu la chukudu,
umefungwa mafundo mawili ya ustadi.
Ukiwa baridi, hukaza.
Ukipata joto la injini, hulegea, hukumbuka, husahau.

Tulinabo akatazama viatu vyake.
"Ile wiki ya masasi," akasema, "maduka yote yamefungwa,
ndani mama anazaa mapacha, springi ikakatika.
Nilikuwa na chukudu."

Sikucheka. Utepe ule umeshika miaka miwili.
Mapacha sasa wanakimbia;
mmoja, naambiwa, huwarushia kuku wake mawe.

Saa mbili usiku, springi utaipata wapi?
Mumbere, aliyenileta kwa pikipiki,
akainama bila neno, akang'oa ya stendi yake.
Tundu la kwanza: mtambo ukapiga kelele, hezi hamsini na saba.
Tundu la tatu: hamsini.
Hamsini.
Hamsini na nusu.
Hamsini.

Ta.

Tukangoja ta ya pili.
Dakika ya tisa. Ya kumi.
Tulinabo bado ameishika kamba, mtambo unakwenda,
kama mtu aliyesahau kuachia mkono wa mgeni.
Ya kumi na tano. Mvua tu, juu ya mabati.

Kahindo akafungua friji mara ya kwanza tangu asubuhi,
akasoma, akafunga upesi,
akaandika daftarini: saba.
Mwisho ni nane.

Mumbere alinirudisha Katindo polepole,
stendi yake imeshikwa na utepe wa chukudu,
mafundo mawili yaleyale.
Kazi hiyo unaiweza:
kushikilia tu, bila kuulizwa mwendo.