Upindo

Hati ya kiwanja cha Ruai ilikuwa na kila kitu:
muhuri mwekundu, sahihi mbili, namba yenye mikwaju,
hata harufu ya wino mbichi.
Afisa wa dirisha la nne, Jumba la Ardhi,
aliitazama kwa muda wa kumenya peremende
akanirudishia.
"Mama, mko watu watano."
Watano, na kiwanja kimoja,
na kila mmoja na muhuri wake.

Mkopo wa chama haukungoja nimalize kulia.

Ndipo Alhamisi nikapanda ngazi za nyuma, Mtaa wa Biashara,
hadi kwa Mzee Pravin, mfua fedha,
na bangili ya marehemu mama ndani ya soksi.
Fedha tupu, mama aliniambia,
kama naye alivyoambiwa.
Pravin akaikuna kwa tupa, akadondosha tone la dawa.
Mkwaruzo ukageuka kijani.
Yeye hakusema. Kijani kilisema.

"Yeyusha," nikamwambia, "nijue iliyobaki ni kiasi gani."
Akaitia kalibuni na kipande cha risasi,
risasi inayokunywa uchafu, akawasha.
Nikamuuliza jambo nililolisikia kanisani tangu utoto:
je, mfuaji hujua fedha imetakata
akiuona uso wake ndani?
Akacheka mpaka akakohoa.
"Wahubiri wenu hawajavuta moshi huu.
Ukiinama hapa, nyusi zinaungua.
Mimi naangalia kitu kimoja: kama bado kuna kinachotoka.
Kisipotoka kitu, basi,
moto hauna kazi tena."

Bangili iliyoingia nene kama ahadi
ikatoka punje, jino la mtoto.
Akapima, akalipa. Sikubishana.

Usiku, Umoja, jirani akikaanga omena,
nimekifungua Kitabu cha mama,
mgongo wake umeshikwa kwa gundi ya seremala.
Mama alishona sare za shule soko la Jericho
na hakuamini urefu wa kitu chochote
asichokizungushia futi yake.
Pembeni mwa mstari mmoja
(siutaji, ulikuwa wake)
aliandika tarehe, kwa herufi za kubana, kama mshono:

*1984. Unga wa njano. Tuko wanane.*

*Agosti 1998, Ijumaa. Ezra yuko mjini.*
Na chini yake, kwa wino mwingine:
*Karudi. Kiatu kimoja.*

*Januari 2008. Tumelala Jamhuri uwanjani. Cherehani imebaki.*

*2011. Wamesema ni uvimbe.*
Na chini ya huo, kalamu ikitetemeka:
*Bado.*

Baada ya hapo ni karatasi tu.

Nimekaa na hiyo *bado* hadi sufuria ya jirani ikapoa.
Nimetafuta kilichotoka.
Kwa mama vilitoka vingi: hofu, nywele,
hasira aliyokuwa nayo kwa baba,
mwishowe pumzi.
Mstari haukutoa kitu.
Herufi ni zilezile, nukta palepale.
Aliuweka motoni mara nyingi kuliko nilivyojua,
na hakuna siku aliyoukuta na kijani.

Sisemi nimeelewa.
Kiwanja hakijarudi. Mama hajarudi.
Bali nimechoka na maneno yanayopigwa muhuri
kwa sababu hayawezi kusimama yenyewe,
na hili halina muhuri, lina alama ya kikombe cha chai
na kidole gumba cha mshonaji.

Nimechukua kalamu. Imekataa mara ya kwanza,
nikaisugua kiganjani.
*Alhamisi. Ruai. Tuko watano.*

Kisha nikaacha nafasi chini yake,
upana wa vidole viwili,
kama alivyokuwa akiacha upindo ndani ya sare
za watoto ambao bado wanakua.