Karatasi za Kuazima

Miaka saba nilipanga herufi kwa Bwana Murhula,
chini ya ngazi za Nyawera, jirani na muuza betri:
kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za maduka,
vibandiko vya maziwa ya Walungu.
Nilitoka na kikombe changu.
Mshahara wa miezi miwili ulibaki ndani.

Sasa ofisi moja ya Muhungu wameniambia:
"Maneno tumesikia. Tuonyeshe mkono wako."

Nikarudi. Mlango ule ule,
harufu ya wino na mafuta ya jenereta.
Nikasema sitaki pesa, ile miezi nimeshaimeza,
nataka nakala tu, moja moja, za nilivyovitengeneza.
Akanitazama juu ya miwani.
"Nsimire, mkate ukishauzwa,
mwokaji hurudi kuomba chembe?"
Mashine ikanguruma. Ikawa ndiyo barua ya jibu.

Basi nikapanda, nikashuka, nikapanda.
Kadutu, kwa wale niliowaozesha kwa herufi za dhahabu:
kadi ipo, imekunjwa mara nne,
inaegemeza mguu wa kabati.
Panzi, kinyozi bado ana kalenda yangu ukutani.
Mwaka wake ulishapita; Februari ina siku thelathini.
Kosa langu. Usiku ule umeme ulikatika-katika,
na mtoto alikuwa na homa.
"Hii sikupi," akasema. "Wateja huicheka,
wakicheka hukaa, wakikaa hunyolewa."
Nikamnunulia nyingine, na bado alinung'unika.

Mjane wa Ntakwinja alifungua Biblia taratibu,
akatoa ratiba: uso wa mumewe,
na ule mstari mwembamba mweusi
niliouchora mara tisa hadi ukatulia.
"Kumbe ni wewe? Nilidhani mashine ndiyo inajua."
Akapuliza vumbi lisilokuwepo.
"Nakuazima. Jumapili uirudishe,
Zaburi ya tisini isikae bila mtu wake."

Leo, mezani Muhungu, nimevitandaza:
kadi yenye kovu la kabati,
vibandiko nilivyovibandua kwa mvuke wa sufuria,
Februari yangu ndefu, sikuificha.
Kijana wa ofisi alisoma kimya, akageuza, akageuza tena.
"Hii ya marehemu," akasema, "tubaki nayo kidogo?"

Nikaichukua mkononi mwake kabla hajamaliza.
Hapana.
Hiyo ina kwao.