Mistari Mitatu Zaidi

Sinyora Ornella alilia Jumatatu asubuhi
nami nikikoroga mchanga na simiti
nyuma ya jiko lake, Casuarina.
Kwao wamepiga kura. Kijiji alichozaliwa,
kile cha mpunga na ukungu,
kimewapa ushindi watu wa mipaka,
watu wa "sisi kwanza".
"Wamerogwa, Mwaringa," akaniambia,
"wamejaa chuki. Wanataka kufunga mlango."
Kisha akajipangusa, akainua uso,
akanionyesha kwa kidole:
niongeze mistari mitatu ya mawe,
na juu yake vigae vya chupa.
"Za kijani," akasema. "Kijani kinapendeza."

Sikucheka. Fundi hacheki kabla ya malipo.
Thoya alinikata jicho, nikamrushia kamba ya kupimia.

Mimi nimejenga kuta thelathini na moja,
kutoka Mayungu mpaka karibu na daraja la Sabaki,
na sijakutana bado na mwenye ukuta.
Huyu wake ni wa kuzuia upepo,
huyu wa mbwa, asitoke akagongwa,
yule wa kutambazia maua.
Ukuta ni ule wa jirani.

Mwaka jana Sinyora alinichukua ukumbini,
hoteli yenye baridi ya mashine,
kikao cha haki za ardhi, soda na sambusa.
Akasimama Dama Ngumbao wa Muyeye,
hana karatasi, hana miwani:
"Tumechoka. Wamekuja hatukuulizwa.
Ufuo umekwenda, watoto hawana pa kuzikia wazazi.
Wenyeji kwanza!"
Makofi yakapasua dari.
Sinyora alisimama wima, macho yamemlowa,
akaandika daftarini, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Jana kaka yake alipiga simu.
Aliiweka kwa sauti, mikono ina unga.
Mzee yule anaongea polepole, nami Kitaliano nakijua,
nimekila miaka ishirini pamoja na vumbi lao:
kiwanda kimefungwa, kengele ya kanisa haina mpigaji,
mtaa umebadilika, na hakuna
hata mmoja aliyekuja kutuuliza.
"Fashisti," akasema Sinyora, akakata,
akauliza kama nataka kahawa.

Nilikunywa. Lakini timazi ilikuwa mkononi
na timazi haijui pasipoti.
Nikaliteremsha neno la Dama, likasimama wima.
Nikaliteremsha la yule mzee: lile lile, wima.
Basi nani kaamua
kwamba huku ni haki
na kule ni ugonjwa?

Bibi yangu, Kakuyuni, mlango wake ulikuwa makuti,
ulizuia kuku tu, tena kuku mvivu.
Ila hukuupita bila hodi.
Mara tatu; akinyamaza, geuza njia.
Aliyeitikiwa alikula mpaka akafungua mkanda,
na asiyeitikiwa hakumwita bibi mwenye chuki.
Karibu isiyoweza kukataa
si karibu, ni barabara.

Haya, na Fulvio je?
Mpwa wa Sinyora, kura yake ni ya mipaka, anajisifu nayo.
Alishuka Desemba, akala pweza, akapenda jua,
na viza yake ilikufa Machi.
Juzi alinivuta pembeni:
eti namjua mtu pale uhamiaji?
Nikamwambia simjui.
(Ni shemeji yangu. Tulikula naye Idi.)

Leo tumemaliza. Mistari mitatu,
chupa za kijani zinameta kama meno.
Sinyora amezunguka, amepapasa, ameridhika,
amehesabu noti, akaongeza mia mbili ya soda.
Kisha, sauti chini, kama anayeuliza bei:
"Mwaringa, wewe ungekuwa kule,
ungempa nani kura yako?"
Mkono wake ulikuwa unatafuta pa kujishikiza.

"Sinyora," nikamwambia,
"usiuegemee. Haujakauka."