Bawabu

Bi Mafunda kaja Wete toka Gando,
kompyuta ndani ya mkoba wa ukili:
Windows yake ya mahesabu ya karafuu,
Linux ya mwanawe Hamdu, aliyeko Maskati.
"Tangu umeme ukatike, haiamki."

Naiwasha. Kiza. Mstari mmoja wa kijivu,
kisha kimya.

Mafahali wawili, watu husema, hawakai zizi moja.
Nachomeka flashi, nachungulia:
wazima wote, wamelala,
kila mmoja na upande wake wa diski.

Aliyepotewa ni bawabu.
Umeme ulimkatikia katikati ya sasisho,
akasahau vyumba.

Naandika amri. Nafuta. Naandika tena.
Orodha hiyo: chagua.

Sekunde kumi zapungua.
Bi Mafunda hagusi kitu.
"Wa Hamdu," asema, "mwache atangulie."