Bati la Tisa

Toledo, Agosti, mwaka wa hamsini na moja.
Duru ya tano tu, na Orville, mtundika namba,
ameishiwa na mabati ya sita.
Analipindua la tisa: kichwa chini, miguu juu.

Besiboli gani hii! Mpira unaruka ukuta wa tangazo la sabuni,
unatua kwenye mashuka ya Bi Wanda, aliyoanika asubuhi.
Tena.

Kuzma, mrushaji, bega limemlegea,
anatazama benchi. Kocha anatazama viatu vyake.

Ishirini na mbili kwa kumi na tisa:
wenyeji wamepata kumi na tisa, na wamefungwa!
Watu wanatoka wakicheka, wameshiba
kama waliotoka matangani kwa tajiri.

Orville bado yuko ngazini.
Analigeuza bati gizani, mara hivi, mara vile,
hakumbuki lilikuwa namba gani.